Uso wa Hyangsuk wa Hamamuni

Mwaka wa ishirini na sita huu Hyangsuk anasugua miili ya wanawake kwenye hamamu moja ya Busan, Korea. Mteja hujilaza mezani, yeye huvaa kiganjani kile kitambaa cha kijani kinachokwaruza, nongo zikatoka mabonge kwa mabonge. Akilalamika mtu, jibu lipo tayari: "Ngozi iliyokufa haiondoki kwa kubembelezwa, dada."

Mvuke wa miaka hiyo yote ulimjaza madoa na mikunjo usoni. Hakuna aliyemsema, mpaka binti yake wa pekee, Boram, alipochumbiwa.

"Mama, siku hiyo wewe na mama mkwe mtatembea bega kwa bega mkawashe mishumaa. Watu mia tatu wanatazama. Mwenzako uso wake yai lililomenywa."

"Na wangu?"

"Mama, tafadhali."

Hyangsuk hakukasirika. Tangu mumewe afariki alikuwa hakasiriki wala hafurahi. Siku zilipita, naye akizipisha. Ila mshumaa ule, ambao kwa desturi mama huuwasha kufungua harusi, aliutaka. Alimlea Boram peke yake, na hakuwa na njia nyingine ya kumkabidhi mbele za watu.

Basi miezi mitano kabla ya harusi akaenda kwa daktari wa ngozi. Wakampima moyo kwanza, maana dawa aliyokuja kupakwa, ya kubandua ngozi ya uso ili iote mpya, huweza kuuvuruga. Wiki sita akapaka krimu kila usiku, akameza vidonge vya kuzuia malengelenge.

Jeongnye, msuguaji wa meza ya pili, hakumwacha apumue. "Kwani anaolewa nani, wewe au Boram?"

"Niache."

"Nikuache? Ukirudi na uso wa kisichana utakuwa mdogo wangu, na kahawa utakoroga wewe!"

Siku yenyewe ilifika, dawa ikapakwa. Iliunguza, kisha uso ukafa ganzi. Wakambandika plasta uso mzima, akakaa siku mbili akinywa uji kwa mrija, akilala ameegemea mito mitatu. Plasta zilipotolewa, akajiona kwenye kioo amevimba hadi macho yamebaki mistari, alitazama kama anayetazama mzigo wa mtu mwingine.

"Usiguse," daktari alikuwa amemwambia. "Usikwangue, usikaribie mvuke. Itabanduka yenyewe."

Siku ya tisa ilianza kubanduka. Kipande kilining'inia shavuni, kigumu, cha kahawia, kikiwasha. Huo ndio uliokuwa mtihani wake, na ningeapa hakuna msuguaji hata mmoja wa Busan ambaye angeushinda. Alilowesha uso kwa maji ya moto, akasubiri ulainike, akavaa kile kitambaa cha kijani. Akasugua mara tatu, kutoka pembe ya jicho hadi taya, kama alivyowasugua maelfu. Ngozi ilitoka safi kabisa. Akaridhika, hisia ambayo hakuwa ameipata kwa muda mrefu. Damu aliiona baadaye.

"Nani amekufanyia hivi?" daktari aliuliza.

"Mimi mwenyewe. Ni kazi yangu."

Shavu la pili lilipona likawa laini ajabu. Hili alilolisugua likaota kovu jekundu lililoinuka, likavuta kope ya chini, na poda haikukaa juu yake. Boram alikuja mwezi mmoja kabla ya harusi, akamtazama weee, akalia.

"Wakiniuliza niseme nini?"

"Sema nilijisugua."

"Mama!" Kisha, akitazama sakafu: "Mama mdogo atawasha."

"Sawa," Hyangsuk alisema.

Akampigia simu Hyangmi, mdogo wake. Akampigia pasi hanbok, vazi la jadi la Kikorea, ya waridi, ambayo Hyangsuk alikuwa ameshonewa aivae yeye, na asubuhi ya harusi akamfunga utepe wake kifuani. Kisha akavaa barakoa, akaketi safu ya pili. Hakuhisi kitu. Alihesabu maua ya jukwaani akafika arobaini.

Muziki ukaanza. Mshereheshaji akatangaza: "Sasa tunawakaribisha mama wa bwana harusi, na mama wa bibi harusi!"

Hyangsuk akasimama.

Miguu ilisimama yenyewe, bila kumwuliza. Aliona mgongo wa Hyangmi ukipita katikati ya ukumbi, na watu walioketi nyuma yake wakamgusa begani: "Bibi, keti, unatuziba."

Hapo ndipo ilipomuuma, na ilimuuma sana. Akaketi.