Bibi na Mbegu za Amarilisi

Juzi kwenye kitalu cha maua hapa Kilifi, bibi mmoja alikuwa ameshika kitunguu cha ua la amarilisi.

"Hiki huchanua lini, mwanangu?"

"Miezi miwili mitatu tu, bibi," alijibu muuzaji.

"Na mbegu zake?"

"Hizo ni miaka minne, hata mitano. Chukua kitunguu, bibi yangu."

Bibi akakirudisha mezani kwa ncha za vidole, kama kinachoma.

"Nipe mbegu. Mwanangu ataka kunihamishia kwake Nairobi. Nimemwahidi nitakwenda ua langu likishachanua."

Akazifunga kwenye pindo la leso, akafika mlangoni, akageuka.

"Nikizipanda kivulini, si zitazidi kuchelewa?"

Subira huvuta heri. Huko Nairobi, nadhani chumba cha bibi kimeshapakwa rangi.