Kikopo Kilichopita Mikononi Mwetu

Iko siku moja naikumbuka, mwanangu, na hasira haijanitoka: siku niliyoikana kazi ya mikono yangu mwenyewe. Sina mvi za kukushauri, lakini kosa hili nimelila likiwa bichi. Sikiliza.

Nilikuwa kidato cha tatu, nikikaa Utange kwa bibi yangu, aliyewaundia kwaya ya kanisa kayamba zao. Kwa spika ya redio mbovu, betri, na vipande nilivyovinyofoa humo, niliunda kikopo chenye misumari miwili. Ukiishika yote, umeme kidogo usioumiza unapita mwilini mwako, na kikopo kinalia. Mwalimu wa fizikia alikuwa akitafuta chombo kimoja cha kufundishia. Aliyekiunda angepewa ufunguo wa chumba cha vifaa, ambacho sisi tulikijua mlango tu. Ufunguo ule, mwanangu, niliutaka mpaka nikauota.

Siku ya kuonyesha, nilikiweka mezani kabla mwalimu hajaingia. Akaja, akashika misumari. Kikopo kikapiga ukelele.

"Jamani, nani anachinja mbuzi?" mmoja akauliza. Darasa zima likaangua kicheko.

"Cha nani hiki?" mwalimu akauliza.

Nikatazama sakafu. Nikajifanya si mimi. Akasema kesho atakifumua, angalau apate betri.

Nyumbani nikamweleza bibi, nikidhani atanipa pole. Thubutu!

"Kayamba yangu ya kwanza ilipasuka katikati ya ibada," akasema. "Mbegu zikamwagika mpaka miguuni pa mchungaji. Nikapiga magoti nikaziokota, watu wanacheka. Lakini walipouliza ni ya nani, nilisema yangu. Wewe umezaa ukatupa! Mwanzo wa ngoma ni lele, mjukuu wangu. Nenda kaokote."

Asubuhi nikamkuta mwalimu ameshashika koleo.

"Ni changu, mwalimu."

"Mama Mbuzi kaja!" wakanizomea.

Nikawaomba wanane wa mstari wangu washikane mikono, wa kwanza ashike msumari mmoja na wa mwisho ule mwingine. Wakashikana huku wakibeza. Basi kikopo kikaimba. Si ukelele ule. Sauti nzito, ya chini, kama mtu anayeguna wimbo amefumba mdomo. Umeme ulikuwa ukipita ndani ya watu wanane, ukipungua njiani, ndiyo maana sauti ikashuka. Mmoja akaachia mkono: kimya. Akashika tena: ikarudi. Hakuna aliyecheka. Mwalimu akaweka koleo chini, akaingia katikati yao, na sauti ikashuka zaidi. Hata leo sina neno la dakika ile.

Ufunguo nikapewa. Na ndani nikakuta nini? Vifaa vingali kwenye mifuko yake, vimejaa vumbi, vikingoja wageni waje kuvitazama! Hapo ndipo hasira hii ilipozaliwa.

Basi nasaha yangu ni hii. Unda, hata kwa takataka. Kikilia vibaya, na kichekwe, lakini sema ni chako. Mficha uchi hazai. Vifaa vikifungiwa, uliza vimefungiwa nani. Na mtu mzima akikuambia msichana hachezei nyaya, mpe shikamoo yake, kisha endelea kuunganisha. (Za ukutani usiguse, nitakuchapa.)

Mwenyezi Mungu akupe vidole vyepesi na moyo usioona haya, na kila utakachounda akijalie masikio ya kukipokea. Amina.