Kutoka Mahenge Kwenda Kushindana Michenga

Ndugu zangu wa Mahenge, wengi wenu mlituona tukiondoka, mkatucheka kwamba gari lenyewe halina hata kiti cha nyuma. Mambo yaliyotukuta bondeni mmeyasikia vipande vipande tu, kila mtu na chake. Acheni niyasimulie mimi niliyekuwepo.

Ilikuwa miaka ya hamsini, kiangazi, mpunga umeshavunwa. Dereva mmoja wa lori alipandisha habari kutoka Ifakara kwamba huko Michenga, kwenye mbuga iliyokauka, wenye magari watashindana kuzunguka uwanja, na kila mwenye gari anakaribishwa. Shemeji yangu Klementi, mume wa dada yangu, hakumaliza hata chai yake. Gari dogo tulilokuwa nalo tulilinunua likiwa bovu, nami nikalifufua kwa mikono yangu. Siku za kazi lilibeba abiria na mizigo. Jumapili baada ya misa, shemeji alilikimbiza mpaka kuku wa njiani wakajifunza kulitambua kwa mlio.

Tulianza kulitengeneza. Nilitoa kiti cha nyuma, bampa na kila chuma kisicho na kazi, ili liwe jepesi. Nikasafisha plagi na kabureta, nikarekebisha valvu mpaka injini ikanguruma vizuri. Nguvu zangu zote nilizimalizia kwenye injini, maana nilidhani mashindano ni mbio tu.

Dada alitutazama, mikono kiunoni.

"Gari hili ndilo linalotulisha," alisema. "Mkilivunja huko, mtabeba mizigo ya watu vichwani."

"Mke wangu, litarudi likiwa na sifa," shemeji akamjibu.

"Sifa hazisongi ugali."

Asubuhi tuliteremka milimani polepole, breki zikinuka kwa joto kwenye kona. Huko chini ukungu ulikuwa umelala juu ya bonde kama maziwa kwenye bakuli. Tulipofika tambarare vumbi lilitupokea, na shemeji akaanza kuimba.

Kivukoni tulingoja pantoni irudi kutoka ng'ambo. Wavuvi walituuzia kambale wa kukaanga, tukala tukitazama viboko waliojilaza mbali kwenye kina. Wavutaji wa pantoni walivuta kamba kwa wimbo, mto ukapita chini yetu kimyakimya. Kasheshe ilikuja wakati wa kushuka. Ubao mmoja uliteleza, gurudumu la mbele likadondoka na kugonga ukingo kwa kishindo. Watu walilinyanyua gari kwa mabega yao.

"Limepona?" shemeji aliuliza.

Nilichungulia chini. Matope yalikuwa yameganda kila mahali, sikuona kitu. "Limepona," nikasema.

Jioni tulifika Michenga kwa Bwana Yusufu, mkulima aliyefahamiana na shemeji siku nyingi. Mkewe, Mama Zena, alitupikia wali mpya na perege wa mchuzi.

"Karibuni, jisikieni mko nyumbani," alisema. "Ila nauliza tu: mtazunguka, halafu mtarudi palepale mlipoanzia?"

"Ndiyo, mama," shemeji akajibu.

"Sasa si mngebaki palepale?"

Bwana Yusufu alicheka mpaka wali ukampalia.

Kesho yake tulijaribu uwanja. Ulikuwa umechorwa kwa majivu, na mapipa yamesimamishwa kwenye kona. Baada ya mizunguko michache maji ya rejeta yalichemka, kwa kuwa makapi ya mpunga na mbegu za majani zilikuwa zimeziba matundu yake. Nilimwomba Mama Zena chekeche lake la waya, nikalifunga mbele ya rejeta. Alilisindikiza kwa macho kama mtu anayemuaga mwanawe. Injini ikapoa, lakini usukani ulikuwa ukitetemeka, nami sikuupenda mtetemo ule.

Siku ya mashindano niliamka na kuosha vyuma vyote vya mbele kwa petroli. Hapo ndipo nilipouona ufa kwenye mkono wa usukani, chuma kile kinacholigeuza gurudumu. Mwembamba kama unywele. Nilifungua nati, nikakitoa.

Watu walikuwa wameshaanza kujaa. Shemeji alikuja mbio.

"Kifunge tena, shemeji! Ni mizunguko kumi tu."

"Kikikatika kwenye kona, utawaingia wale watu."

"Tumesafiri kote huku tuje kutazama?"

"Ukikitaka, ninacho mfukoni. Nipige kwanza."

Tulitazamana. Alikuwa na hasira hadi machozi yalimlenga, nami nikaufunika mfuko kwa mkono, ingawa shemeji ni mkubwa kwangu na sikuwahi kumkatalia.

Aliyetuokoa alikuwa mpinzani wetu mkubwa, Ramji, kijana wa mwenye mashine ya kukoboa mpunga mjini Ifakara. Gari lake ndilo lililokuwa zuri kuliko yote.

"Kiwandani kwetu kuna mtungi wa kuchomelea," alisema. "Panda, fundi. Nikishinda nataka nimshinde mtu, si kivuli."

Akawaomba wasimamizi wasubiri, wakakubali. Tulikwenda mjini kwa gari lake la mashindano, meno yangu yakigongana. Kila alipokanyaga breki, gari lilivutwa kushoto. Kule kiwandani tulikichomelea kile chuma na kukizungushia bamba nene. Kilipokuwa kikipoa nilimwambia, "Breki zako zinavuta. Niruhusu nitazame."

Kweli, grisi ilikuwa imevuja ndani ya gurudumu la kulia. Niliosha, nikasugua lainingi za breki kwa msasa, nikakaza sawasawa pande zote.

Tuliporudi uwanjani nilikifunga kile chuma mahali pake. Shemeji aliposikia habari za breki alishika kichwa. "Umemtengenezea breki? Adui?"

"Yeye amekutengenezea usukani."

"Ee Mungu, nimeoa kwenye ukoo gani huu!"

Mchana bendera ilishuka. Vumbi lilipanda hadi tukawa tunayajua magari kwa milio tu. Ramji alitangulia, shemeji akamfuata, na wengine wakabaki nyuma. Mzunguko wa mwisho walikuwa bega kwa bega, Ramji nje, shemeji ndani, kushoto kwake, umati ukipiga kelele. Ghafla upepo ulirusha kofia ya bwana mmoja uwanjani, naye, bila kufikiri, akaikimbilia.

Ramji alikanyaga breki zote. Gari lake lilisimama limenyooka kama mstari wa rula. Lingevuta kushoto kama asubuhi, lingemkandamiza shemeji kwenye mapipa. Shemeji alikata usukani kwa nguvu, gurudumu likatii, akampita yule bwana kwa upana wa mkono na kuishia kwenye mabua, nje ya mstari wa majivu. Bwana yule alibaki amesimama katikati, kofia mkononi, akitusalimia.

Wakati sote tukimshukuru Mungu, na magari mengine yamesimama, gari kuukuu la Matayo, mbeba mpunga, ambalo halikuwa limempita mtu yeyote siku ile, lilikuja likikohoa, likamkwepa yule bwana, likapita katikati ya Ramji na shemeji na kuvuka mstari wa mwisho. Matayo mwenyewe hakujua kwamba ameshinda mpaka alipobebwa.

Zawadi ilikuwa beberu. Matayo alimchinja jioni ileile, tukala wote kwa Bwana Yusufu. Shemeji na Ramji walikaa sinia moja, wakibishana nani angetangulia. Katikati ya mabishano shemeji alininyooshea kipande cha ini. Nilikipokea kwa mikono miwili.

Safari ya kurudi ilikuwa nyepesi. Nyumbani, dada alilizunguka gari, akapiga teke tairi.

"Nani kashinda?"

"Matayo wa mpunga," shemeji alijibu.

Dada alicheka hadi akakaa chini.

Tangu hapo, gari lolote ninaloletewa nalianzia magurudumuni: breki, usukani, nati moja moja. Injini inangoja zamu yake. Na nikiona kasoro kwenye gari la mpinzani, namwambia kabla bendera haijashuka. Kwenye uwanja wa mviringo, breki za mwenzako ni zako pia.