Valvu ya Hita Kabla ya Kumtoa Mzazi Hospitali

Kwetu Unguja binti akizaa mtoto wa kwanza hurudi kwa mamake. Hukaa arubaini, akakandwa maji ya moto, akanywa uji wa pilipili manga, asipigwe na upepo. Haya si mambo ya kujadiliwa. Tulipoondoka baada ya Mapinduzi tuliacha nyumba na vyombo. Mila tulikuja nazo, hazina uzito.

Basi binti yetu akajifungua hapa Landani katikati ya baridi, theluji imeganda juu ya mapaa. Mama wa mumewe, mtu wa Mombasa anayekaa Hounslow, mtaa wa mbali na kwetu, akanipigia simu. Tukasalimiana vizuri, kisha akasema:

"Mkwe mwenzangu, nasikia gari lenu halina moto."

"Lina injini."

"Injini haimkandi mzazi. Letu sisi lapuliza kama tanuri. Kesho tutamchukua sisi, na akishaingia nyumbani kwangu sioni haja ya kumtoatoa tena kwenye baridi. Arubaini ataimalizia huku."

Kilichoniudhi ni kwamba alisema kweli. Mzazi akishaingia ndani hatoki. Atakayempakia hospitali ndiye atakayekaa naye.

Nikamwendea mume wangu, anasoma gazeti na koti mwilini.

"Hita ya gari ina nini?"

"Imekufa."

"Kwa maradhi gani?"

Hakujua. Alikuwa dereva wa basi, na basi likiharibika hutengenezwa na wengine. Gari letu tulilinunua kuukuu wakati wa joto, hakuna aliyeuliza habari za hita. Baridi ilipoingia tukaona ule mkono wa kwenye dashibodi unakwenda kushoto na kulia, na upepo unaotoka ni ule ule wa baridi, kama wa duka la samaki lenye barafu.

Nikamtoa nje, tukaenda Queensbury kwa Mhindi mmoja wa Kampala anayeuza vipuri, Kiswahili chake hakina taabu. Akafunua boneti, akatuonyesha kidude mfano wa bilula ya bomba la maji, kimekaa kwenye mpira unaopeleka maji ya moto ndani. Hiyo ndiyo valvu. Ukisogeza mkono, waya huivuta ikafunguka, maji yakapita, hita ikapata moto. Yetu waya ulikuwa unavuta kitu kisichovutika. Akaichomoa, akaipindua. Ndani imejaa chokaa, kama birika langu.

"Bwana mkubwa, kwenye rejeta unatia nini?"

"Maji ya bomba."

"Na dawa ya kuzuia yasigande?"

"Gari haliumwi. Kila jioni nayamwaga, asubuhi natia mengine ya vuguvugu."

Ni kweli, nilimwona kila siku akilikamua lile gari kama ng'ombe. Nilidhani ndivyo wanavyofanya wenye magari. Yule Mhindi akamtazama, akanitazama na mimi.

"Kila siku maji mapya?"

"Kila siku."

"Basi kila siku umeitilia chokaa mpya. Maji ya hapa ndivyo yalivyo."

Akatupa valvu nyingine na galoni la dawa, akaturuhusu tufanyie kazi pale pale uani kwake. Mume wangu akaikaza mipira kwa bisibisi. Mimi nikainama kwenye injini kuangalia waya, yeye akakaa kwenye kiti chake anasogeza mkono.

"Imefunguka?"

"Imefunguka."

"Na sasa?"

"Umeifunga. Iache wazi, usichezee."

Akatia dawa na maji, akawasha. Upepo wa samaki. Nikasema moyoni, Hounslow wameshinda. Mwenye duka akasema ni hewa imenasa kwenye mipira. Tuliache gari lipoe, tuliegeshe pua ikitazama mlimani, tuwashe na kifuniko cha rejeta kikiwa wazi mpaka mapovu yaishe. Tukalipeleka kwenye mwinuko nje ya duka. Wapita njia walitutazama, wazee wawili wanachungulia maji. Yalipoacha kutoa mapovu tukafunga, nikaingia ndani na kuweka mkono. Ulikuja moto, na harufu ya vumbi la watu waliokuwa na gari kabla yetu.

Kesho yake tulipofika hospitali mkwe mwenzangu yuko mlangoni, amevaa glavu. Hakunisalimia kwanza. Alifungua mlango wa gari letu, akavua glavu moja, akaweka kiganja kwenye tundu la hita, akakiacha hapo. Binti yangu, amesimama na kitoto kifuani, akasema kwa Kiingereza chake kwamba tukimaliza kupima tumwambie.

"Linapuliza," akasema mkwe mwenzangu.

"Si uliambiwa halina moto?"

"Niliambiwa. Mpandishe mwanao."

Nikampandisha nyuma, nikamfunika yeye na mtoto, nikakaa ubavuni. Mkwe mwenzangu akafungua mlango wa mbele, akaketi kando ya mume wangu.

"Mwenzangu, gari lako si lile kule?"

"Mwanangu ataliendesha, atatufuata. Nataka nione kama hii hita yenu itafika."

Ilifika. Mume wangu jasho likimtoka njia nzima, na kila aliponyoosha mkono apunguze, mama yule aliupiga kofi. Nyumbani kwetu akashuka wa kwanza, akaniuliza sufuria ya uji iko wapi. Alikaa mpaka arubaini ikaisha. Mume wangu alilala sebuleni, na mzazi tulimkanda pamoja, mimi asubuhi, yeye jioni. Binti alisema mkono wa jioni ndio mzuri zaidi. Nikamwambia anywe uji wake.