Ngemi Mbili Nyuma ya Goli

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa kibendera, nikawekwa kando ya uwanja wa Ruiru na kuambiwa nifuate mstari, nisifuate mpira. Nikasahau. Mara mbili nilijikuta katikati ya wachezaji, kibendera mkononi, watu wakicheka hadi kushika mbavu. Refa Mkuu, mwalimu wa hesabu mwenye sauti nene, aliniita pembeni. "Kijana, wewe ni mpaka. Umewahi kuona mpaka ukiingia shamba la mtu?" Nilifunzwa kazi kwa kukaripiwa hivyo, na sina kinyongo.

Baada ya misimu kadhaa nilihamishiwa Thika, nikapewa kipenga. Vijana wa leo mnadhani urefa ni mbio tu. Magoli yetu, Thika hata Ruiru, hayakuwa na wavu, na mahali pa mtambaa panya, ule mti wa juu unaounganisha milingoti, tulifunga kamba ya mkonge. Jua likiwaka kamba hulegea. Mpira ukipita karibu nayo, anayejua kama umepita juu au chini ni Mungu, na wale waliokaa nyuma ya goli.

Kwa hiyo nilijizoeza kusikiliza nyuma ya goli. Wanaume walisimama kwenye mistari ya pembeni wakimfundisha kila mtu kazi yake, hata mimi. Akina mama walikaa nyuma ya goli la wapinzani na viondo vyao. Kijana wao akifunga bao, walimpigia ngemi, vigelegele vya kwetu Wakikuyu, mara tano, kama anavyopokelewa mtoto wa kiume anapozaliwa. Na mtu akianza ngemi, huzimaliza.

Mechi ninayotaka kuwasimulia ilikuwa ya mtoano, sekondari moja ya Ruiru na nyingine ya Thika, ikachezewa Ruiru. Ilikuwa wakati wa Hali ya Hatari, na watu hawakukusanyika bila kibali. Afisa wa Michezo, Mzungu asiyependa maneno mengi, alinijia kabla ya mchezo. "Refa, mimi nasema mara moja tu. Kama fujo iko, mpira kwisha. Shule yote. Kwisha kabisa." Nyuma yake walisimama askari na bunduki zao. Niliogopa, sitawadanganya. Kwa vijana wale, mpira wa Jumamosi ndio uliobaki wa kuwafurahisha.

Thika walitangulia kufunga, kichwa safi kutokana na kona. Kipindi cha pili Ruiru wakawasukuma hadi langoni, wakapata penalti, na kipa wa Thika akaipangua kwa goti. Mchezo ukielekea ukingoni, Kamau, winga wa kushoto wa Ruiru, akawapiga chenga mabeki wawili, akaachia kombora. Mpira ukagusa kamba, kamba ikatetemeka, uwanja ukalipuka. Wanaume wakaingia ndani na kumbeba Kamau mabegani. Nikamtazama mshika kibendera wangu. Alikuwa amezibwa na watu, hakuona kitu.

Ningelikubali bao lile, kila mtu angeenda nyumbani akiimba, na Afisa angelala salama. Lakini nilikuwa nimesikia ngemi ya kwanza, nikasikia ya pili, kisha kimya. Nikapiga moyo konde, nikaonyesha kwamba mpira umetoka.

"Ati nini?" Mzee mmoja wa koti refu, kiongozi wa mashabiki wa Ruiru, akanishika kola. "Refa, hawa Thika wamekupikia nini? Hiyo ni bao!"

Askari wakaanza kusogea.

"Mzee wangu, usiniulize mimi," nikamwambia. "Waulize akina mama mbona ngemi zimekwama kwa mbili."

Akageuka, na watu wote wakageuka naye. Mama mmoja mwembamba akainuka. Alikuwa Nyina wa Kamau, mama mzazi wa mfungaji, na ndiye aliyeanzisha zile ngemi.

"Umepita juu," akasema. "Furaha ilinitangulia, halafu nikaona vizuri."

"Maitu!" Kamau akamlilia mama yake, angali mabegani mwa watu.

"Umepita juu, mwanangu. Mimi sipigi ngemi za uongo."

Mzee akaniachia kola. Wanaume wakamshusha Kamau, wakarudi kwenye mistari wakinung'unika, na askari wakasimama walipokuwa. Ruiru wakashindwa bao moja kwa nunge. Hakuna aliyerusha hata jiwe.

"Kazi mzuri, refa," Afisa akaniambia. "Jumamosi ingine mpira iko."

"Si mimi, bwana. Ni yule mama."

Hakuelewa, na Kiingereza changu hakikutosha kumweleza.

Nimestaafu siku nyingi sasa. Marefa chipukizi huja kuniuliza ni nani aliyekuwa hodari kuliko wote niliofanya nao kazi, wakitarajia niwatajie mtu mwenye kipenga. Mimi humtaja Nyina wa Kamau. Jioni ile nilimkuta njiani akirudi kijijini. Mwanawe alikuwa mbele sana, anatembea kwa hasira bila kugeuka. Nilimshukuru, kisha nikamuuliza kama kijana atamsamehe.

"Leo hataki kuniona," akasema, akipandisha kiondo mgongoni. "Lakini wangembeba mpaka nyumbani kwa uongo wangu, mimi ndiye ningeshindwa kumtazama."