Leso ya Mkurugenzi

Nilitoka Kitale kwenda Bungoma kwa sababu mwenye zahanati moja ya huko, anayejiita mkurugenzi, alinipigia simu akitaka karatasi. "Kuja tu uandike mashine iko sawa," alisema. Mashine yenyewe ni hadubini ya kupimia damu, na kwake yeye ilikuwa nzima. Mbovu alikuwa Nekesa, mpimaji wake, aliyekuwa akikosa kuona malaria kwenye damu za wagonjwa. Karatasi yangu ikipatikana, Nekesa angefutwa kazi. Mimi ni fundi wa lenzi na siandiki ripoti ya mashine nisiyoifungua. Nikamwambia nakuja, nikaacha kumwambia mengine.

Saa kumi na mbili asubuhi nilifunga sanduku langu kwenye pikipiki, nikaondoka mtaani kwangu Matisi. Kuanzia Kiminini hadi Kamukuywa malori ya mahindi yalinimwagia vumbi. Silitukani sana, ndilo linalochafua lenzi na kunilisha. Webuye nilikunywa chai, nikajifuta uso, nikaingia barabara kuu.

Saa nne nilifika Bungoma. Zahanati imepakana na kinu cha kusaga mahindi, na vyote viwili ni vya mkurugenzi. Alitoka kinuni kunipokea, tai shingoni, miwani usoni, unga hadi kwenye nyusi.

"Mulembe, fundi. Kwanza ona vile mimi naitunza."

Bila hata kunawa mikono, aliniingiza chumba cha kupimia, akazungusha lenzi ya hadubini, akaihemea, akachomoa leso ya buluu mfukoni na kuisugua kama kiatu cha Jumapili. "Kila asubuhi, mimi mwenyewe. Huyu msichana simwachii."

Nimeona lenzi zikifutwa kwa mate na kwa pindo la sketi. Wale angalau waliona haya. Huyu alingoja nimsifu.

Nekesa alikuwa amesimama kando ya sinki. "Nilimwambia, fundi," alisema polepole. "Akasema ati natafuta kisingizio."

"Si kazi yako ni kuona?" mkurugenzi akamjibu. "Basi ona."

Nilifungua lenzi ya mia, ile ya kusomea damu. Nikapuliza hewa kwa kipulizo cha mpira, nikatia tone la dawa kwenye karatasi laini ya lenzi, nikafuta kutoka katikati kwenda ukingoni bila kukandamiza. Unga ulitoka, na nyuzi za buluu zikatoka. Mikwaruzo ilibaki, imezunguka kioo kizima. Nilifunga lenzi yangu mahali pake, nikampa Nekesa vioo vitatu vya damu nilivyotoka navyo Kitale, majibu ya vioo hivyo ninayo mfukoni. Alivisoma vyote sawasawa. Kwa lenzi ya mkurugenzi, hata mimi niliona ukungu mtupu.

Mkurugenzi alinivuta mlangoni. "Andika tu imezeeka. Tusiaibishane, bana."

Niliandika nilichokiona, nikamkabidhi pale sebuleni walikoketi wagonjwa. Alivua miwani, akaihemea, akaisugua kwa leso ileile. Akaivaa, akaisogeza karatasi mbali, akairudisha karibu. Vioo vyake vilikuwa vimekwaruzika kama lenzi yake.

"Mwandiko gani huu? Nekesa, hebu nisomee."

Nekesa alisoma kwa sauti, bila haraka. "Mpimaji hana kosa. Lenzi imeharibiwa na leso yenye unga, anayoitumia mkurugenzi kila asubuhi. Wagonjwa walioambiwa hawana malaria wapimwe upya."

Kwenye benchi mama mmoja aliinuka na mtoto mgongoni. "Huyu mlimrudisha juzi," alimwambia mkurugenzi. "Ati ni homa ya meno."

Nekesa alinawa mikono, akamchukua mtoto, akamtoboa kidole. Leso ilikuwa bado mkononi mwa mkurugenzi, naye hakujua aiweke wapi.

Saa nane mchana nilikuwa Kamukuywa, narudi, sanduku jepesi. Lenzi yangu nilimwachia Nekesa hadi wanunue nyingine, nikamwonya asimruhusu mtu kuihemea. Safari hiyo imenifunza kuandika ripoti kwa maneno ambayo anayeonewa anaweza kuyasoma kwa sauti. Nilipofika Kiminini simu iliita, ni Nekesa. Mtoto alikuwa na malaria.