Kiti cha Orrin Tvedt Katika Picha ya Mkewe

Orrin Tvedt alikuwa fundi wa mashine za kukamulia ng'ombe katika mji mdogo wa Lundby, jimbo la Wisconsin, na wote waliomfahamu walimjua kwa jambo moja: hakai. Kahawa alikunywa wima. Kanisani alichagua benchi la nyuma ili apate kutoka kuangalia mtambo wa kupasha joto, hata kama haujaharibika.

"Kwake kiti ni kaa la moto," mkewe Delpha alizoea kusema.

Mwaka 1956 mwalimu wa kuchora, Royce Hanniford, aliyepanga nyumba ng'ambo ya barabara, aliomba kuwachora wote wawili jikoni mwao. Wakakubali, maana jirani hanyimwi. Jumapili ya kwanza Orrin alijikaza akakaa. Zilizofuata hakuonekana. Picha ilipokamilika, Delpha alikuwa mezani na gauni lake la bluu, mkono juu ya kikombe, na mbele yake kiti kitupu.

"Mwalimu, mbona mimi simo?" Orrin aliuliza.

"Ulikwenda kuangalia mfereji wa paa."

"Nikarudi."

"Ukaenda kwa ng'ombe wa Severson. Mimi nachora kilichopo, Orrin."

Picha ilitundikwa kwanza kwenye maonyesho ya wakulima ya wilaya, baina ya mablanketi ya viraka na chupa za matango ya siki. Ilishika nafasi ya tatu, nyuma ya picha mbili za fahali mmoja. Watu wa Lundby walipita, wakatazama, wakamgeukia Delpha.

"Umetoka vizuri, dada. Na Orrin yuko wapi?"

"Huyo hapo kulia, mwenye miguu minne."

Walicheka hivyo mpaka majira ya theluji yakafika. Orrin hakucheka. Alikibeba kile kiti akakitupa ghalani. Delpha akakirudisha mahali pake.

Mwaka uliofuata picha ikapelekwa Milwaukee, kwenye jumba la sanaa hasa, lenye sakafu ya kujitazamia. Gazeti la huko likaandika kwamba mwanamke yule ni mjane, na kwamba kiti kile kinasema yaliyomshinda yeye kuyasema.

Basi siku moja ya Februari gari geni lilisimama mbele ya nyumba yao. Akashuka mama mnene aliyevaa nguo nyeusi, mikononi bakuli la kuku na tambi lililofunikwa kwa taulo. Aliitwa Bi Agatha Prohaska, mjane wa kweli, na alikuwa ameisoma ile habari. Orrin ndiye aliyefungua mlango, spana mkononi.

"Nimekuja kumpa pole Delpha," alisema mgeni. "Wewe ni shemeji yake?"

"Hapana, mama. Mimi ndiye marehemu."

Bi Prohaska alimkagua kuanzia kofia hadi viatu. "Sasa ulikuwa wapi?"

"Kazini."

"Wangu naye alikuwa hivyohivyo," alisema, "kabla hajafa."

Aliingia, kahawa ikawekwa mezani, kuku akaliwa. Orrin alikula chakula cha matanga yake mwenyewe, akaongeza sahani ya pili, kwani kuku hakuwa na kosa. Habari ya picha hakuna aliyeigusa. Lakini mgeni alipoondoka, Orrin hakutoka. Alivuta kiti akakaa mbele ya mkewe.

"Una nini? Unaumwa?"

"Siumwi. Nimekaa."

"Haya, kaa basi."

Wakatazamana. Walikuwa kwenye ndoa muda mrefu, lakini kukaa hivyo ana kwa ana hawakuzoea. Mwishowe Delpha akasema kwamba tangu alipoolewa hajapata kuipenda rangi ya kijani ya jikoni mle. Orrin akageuza shingo. Hakuwa na habari kwamba kuta ni za kijani.

Tangu hapo alikaa naye kila Jumapili baada ya ibada, kama mtu anayengoja kung'olewa jino, lakini alikaa.

Picha nayo ikashika njia: Chicago, kisha New York, ambako tajiri mmoja aliinunua na kuifungia sebuleni mwake. Delpha alikuwa amealikwa New York siku ya ufunguzi. Alikataa, kwa sababu nyanya zilikuwa zimeiva na lazima zitiwe kwenye chupa.

"Nikitaka kujiona nina kioo," alisema.

Alifariki mwaka 1981, kwa ugonjwa wa moyo. Miaka miwili baadaye yule tajiri naye alikuwa amekufa, na picha ikarudi Milwaukee katika maonyesho makubwa. Binti yao, Linnea, alimpeleka baba yake kwa gari.

Orrin alisimama mbele ya mkewe, aliyekuwa bado na miaka thelathini na saba. Kando yake walisimama kijana na mchumba wake.

"Mumewe amemtoroka," alisema kijana.

"Wewe nawe! Yuko njiani anakuja," mchumba akamjibu.

Linnea alimgusa baba yake kiwiko. "Waambie, baba."

"Niwaambie nini? Wamelipa kiingilio, waache watazame."

Alibaki pale mpaka miguu ikamwuma. Kisha akamfuata mlinzi.

"Hii inakwenda wapi baada ya hapa?"

"St. Louis, mzee. Halafu Denver."

"Kwa lori?"

"Kwa lori."

"Lina kipasha joto huko nyuma?"

"Linalo, mzee. Bila hicho rangi hupasuka."

Orrin aliitikia kwa kichwa, akavaa kofia yake.

"Twende, Linnea," alisema. "Barabara itaganda barafu."